Waya mmoja chini ya kibodi: shajara ya kufufua kompyuta ya BBC Micro, Kirumba, Mwanza

Jumamosi, 8 Machi

Mzigo umefika na meli ya Nansio. Mama mdogo ameufunga kwa kitenge, akazungushia kamba ya katani, na ndani akatia majani ya mwarobaini ya kufukuza wadudu. Nimefungua sebuleni: kompyuta ya rangi ya krimu iliyogeuka njano kama meno ya mvuta kiko, vitufe vyekundu kumi vimepangwa juu ya vile vyeusi, kanda tano za kaseti, na kijitabu kisicho na jalada. Monita haikuja. Nilipompigia kumshukuru akasema ile "televisheni ya kijani" iliuzwa enzi za Mkapa, watoto walipodaiwa ada.

Ni BBC Micro, Model B. Acorn wa Cambridge ndio walioiunda, ikatoka Desemba 1981 kwa ajili ya mpango wa BBC wa kuwafundisha Waingereza kompyuta. Prosesa yake, yaani chipu inayotekeleza amri, ni 6502 ya megahezi 2. RAM (kumbukumbu ya muda) kilobaiti 32, na ROM (kumbukumbu ya kudumu) kilobaiti 32 nyingine: nusu mfumo endeshi, nusu BASIC, lugha ya kuandikia programu. Picha moja ya harusi uliyotumiwa kwenye WhatsApp haiingii humo.

Baba mdogo, Mungu amrehemu, alikuwa mwalimu wa hisabati hapa mjini. Alirudi nayo kutoka masomoni Uingereza mwaka 1986. Ukitaka kujua uzito wa jambo hilo, kumbuka kwamba mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na huku Bara hapakuwa na kituo cha televisheni hata kimoja mpaka 1994. Kompyuta hii kwao Waingereza mtu aliichomeka kwenye TV ya nyumbani. Hapa TV yenyewe ungeitoa wapi? Ndiyo maana alibeba na monita. Kibali alikipataje, mama mdogo hakumbuki. Anachokumbuka ni kwamba mashine ilikaa mezani kwao miaka mingi na watoto walikatazwa kuigusa.

Kosa la kwanza la mradi limetokea leo leo. Nimeenda kutafuta bisibisi, kurudi nakuta mpwa wangu ameshachomeka. Plagi ni ile ya Kiingereza ya meno matatu ya bapa, ambayo ndiyo yetu pia, kwa hiyo hakuona sababu ya kusubiri. Spika ya ndani ilikuwa inatoa mlio mmoja mzito, mmmmm, hauishi. Nikasema basi, kama imeshawaka acha iwake, nitafute waya wa picha. Dakika kumi baadaye, pah! Moshi mweupe ukafuka upande wa kushoto, na harufu yake ni kama sangara aliyeungulia kwenye mafuta ya taa. Jirani aliyekuwa anaandaa futari akauliza dirishani, "Mnachoma nini humo?"

Ajabu ni kwamba mlio haukukatika. Nimechomoa mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Kifuniko kinashikwa na skrubu nne, na kila moja imeandikiwa FIX pembeni yake. Mbili ziko nyuma, mbili chini. Ningependa kila mtengeneza simu angeiga ustaarabu huo. Sanduku la umeme liko kushoto, limefungwa kwa skrubu tatu kwa chini.

Tahadhari kwa anayetaka kufuata: ndani ya sanduku hilo kuna kapasita kubwa, kifaa cha kutunza umeme, inayobeba volti zaidi ya 300 za DC, na haijali kwamba umeshachomoa plagi. Mimi niliiacha usiku kucha, na asubuhi bado nikaipima kabla ya kuingiza kidole.

Aliyetoa moshi nimemkuta bila kutafuta. Ni kapasita ya kuzuia makelele ya umeme, ya rangi ya kaharabu inayopitisha mwanga, imepasuka ubavuni kama embe lililoanguka. Ziko mbili pale umeme unapoingilia, moja ya nanofaradi 100 na nyingine ya 10. Ndani ya hizi kuna karatasi yenye utando wa chuma. Ganda lake likizeeka hupata nyufa ndogondogo, karatasi inavuta unyevu, na siku ukiiwashia umeme inachemka. Sasa fikiria iliyokaa miaka thelathini na kitu nyumba ya Ukerewe, ziwa pande zote. Ile ya pili haijapasuka lakini nyufa ninaziona kwa jicho. Zote mbili nje.

Fundi mmoja wa Makoroboi, mtu ninayemheshimu, aliniambia weka kapasita yoyote ya volti 400 maisha yaendelee. Hapana. Hapa unakaa moja kwa moja kati ya nyaya mbili za umeme wa nyumba, saa zote plagi inapokuwa ukutani na swichi imewashwa, na umeme wetu unavyopanda na kushuka kila mtu anaujua. Panatakiwa kapasita iliyoandikwa X2, volti 275 za AC. Hiyo imetengenezwa ili ikipigwa na mshtuko ijizibe yenyewe, isigeuke njia ya mkato ya moto. Hazisumbui kupata. Nimezing'oa kwenye bodi ya TV iliyokufa skrini, bure, nikazipima kwanza.

Sikutaka kujaribu sanduku hili kwa kutumia kompyuta yenyewe kama mzigo. Nimefunga balbu ya breki ya gari kati ya waya mwekundu na mweusi, nikawasha. Balbu ikawaka wekundu wa kivivu. Volti 5.02. Waya wa zambarau, ambao hutoa volti 5 za upande wa hasi, nao uko sawa. Nusu saa, hakuna harufu.

Jumatano, 12 Machi

Mlio bado upo.

Hapa ndipo nilipojifunza tabia ya kwanza ya mashine hii. Chipu yake ya sauti ikipata umeme huanza kuguna yenyewe, hakuna aliyeiamuru. Kazi mojawapo ya mwanzo ya mfumo endeshi ni kuinyamazisha, kisha mwenyewe unapiga mlio mfupi mwembamba. Kwa hiyo mashine nzima husema "buuu-pi". Ikisema "buuuuu" bila "pi", maana yake prosesa haifanyi kazi, na mguno unaousikia ni wa chipu iliyosahaulika. Si alama ya hitilafu iliyopangwa na mtu.

Wengi wakifika hapo wanakimbilia kununua prosesa. Nikachukua mita. Pini ya 8 ya 6502 ina volti 5, safi. Pini ya 40, ambayo ni ya kuianzisha upya prosesa, ina sifuri. Pini hiyo ikiwa chini prosesa inakaa imeshikiliwa, kama mwanafunzi aliyeambiwa simama hapo mpaka nikuambie. Nani kaishikilia?

Kitufe cha BREAK, kulia juu kabisa. Katika mashine hii BREAK si kitufe cha kawaida kinachosomwa na programu. Kinaivuta pini hiyo chini moja kwa moja. Nilipokibonyeza hakikurudi juu. Nikang'oa kofia yake kwa vibanio viwili vya karatasi vilivyokunjwa, na chini yake nikakuta vijidudu vya ziwani vimekauka na kugandamana, na kitu kama sukari ya chai. Vile vijidudu vinavyokuja kama moshi juu ya maji na kujaa kwenye taa. Ukikaa Kirumba huna haja ya kuelezwa. Spiriti, mswaki mkuukuu, subira. Pini ya 40 ikapanda hadi volti 4.8.

Buuu-pi.

Mpwa wangu alipiga makofi. Na mimi.

Kwa sababu kibodi ilikuwa imeshatoka, niliigeuza nikaisafisha yote. Kwenye kona yake ya mbele, kulia, kuna jozi nane za matundu zimepangwa mstari, saba tupu na moja imeunganishwa kwa kipande cha waya chenye urefu wa punje ya mchele. Nikadhani ndivyo ilivyotoka kiwandani. Nikaupita.

Jumamosi, 15 Machi

Leo picha. Nyuma kuna tundu la kebo ya TV ya zamani, lakini pembeni yake kuna tundu la BNC, na BNC mjini hapa si shida hata kidogo: ndilo tundu la kamera za ulinzi. Dukani barabara ya Nyerere nimepata kiunganishi cha BNC kwenda AV kwa shilingi elfu mbili, na muuzaji hakuuliza ni cha nini.

Picha ya BNC hutoka nyeusi na nyeupe. Hiyo nayo si hitilafu. Ndani kuna kiungo kinachoitwa S39, na mpaka ukiunganishe rangi haipiti njia hiyo. Nimekiacha wazi kwa makusudi, maana rangi kwenye waya mmoja huchafua ukali wa herufi.

TV ikaonyesha "BBC Computer 32K", na chini yake neno moja: "Language?"

Mpwa anasoma, "Anko, inauliza lugha. Mwambie Kiswahili." Ukweli ni kwamba mfumo endeshi umetafuta ROM ya lugha kwenye soketi zake zote haukuiona. BASIC iko kwenye chipu yake peke yake, chini ya kibodi upande wa kulia, kwenye safu ya soketi tano. Nimeinyanyua kidogokidogo kwa bisibisi bapa, upande huu na upande ule, ikatoka. Miguu myeusi kama sufuria ya msibani. Nikaisugua kwa kifutio cha penseli mpaka ikang'aa, nikairudisha nikihakikisha mkato wake unaelekea walikoelekea wenzake. Ukiigeuza umeiua.

"BASIC", na alama ya >. PRINT 2+2 ikatoa 4. Baada ya wiki nzima, nne haijawahi kuwa tamu hivyo.

Malalamiko mawili. Mstari wa juu umekatwa na ukingo wa TV. Hilo lina dawa: unaandika *TV255, na picha inashuka mstari mmoja mara tu unapobadili hali ya skrini. La pili, herufi ni ndogo mno na nyembamba, lazima usogee hadi pua iguse kioo. Nimelilaumu TV.

Jumapili, 23 Machi

Ukurasa huu ni mrefu kwa sababu nimepoteza jioni tatu, na sitaki mwingine azipoteze.

Nilijua kwamba BBC Micro huanza na herufi nene za mviringo, 40 kwa mstari, zile za hali inayoitwa MODE 7. Yangu inaanza na herufi 80 nyembamba, na kati ya mstari na mstari kuna ufa mweusi. Nikaandika

PRINT HIMEM-PAGE

ambayo hukupa nafasi iliyobaki kwa ajili ya programu yako. Jibu: 12800. Kwa Model B isiyo na diski nilitegemea 28160. Zaidi ya nusu imepotea!

Nikaamua RAM ni mbovu. Kuna chipu kumi na sita za RAM, na nilikaa Jumatano na Alhamisi nikizigusa moja moja kwa kidole kutafuta ya moto, kisha nikipima umeme wa kila moja. Zote vuguvugu sawasawa. Ijumaa nilishaanza kuulizia bei za chipu nje ya nchi. Na muda wote huo mashine yenyewe, kila nikiiwasha, inaniandikia juu kabisa "32K". Ilikuwa inanijibu swali langu na mimi siisomi.

Leo asubuhi, kwa kuchoka tu, nimeandika MODE 7. Herufi zikanenepa zikajaa skrini. PRINT HIMEM-PAGE: 28160.

Kumbe hakuna kilichopotea. Kwenye mashine hii picha ya skrini hukaa ndani ya RAM ileile ya programu. MODE 7 hula kilobaiti 1 tu, kwa sababu chipu ya pembeni ndiyo inayochora herufi. MODE 3, yenye herufi 80 kwa mistari 25, hula 16. Tofauti ni 15, yaani baiti 15360, ndiyo hasa niliyokuwa naililia. Mashine yangu ilikuwa nzima, ila inaamkia MODE 3. Nikibonyeza BREAK inarudi hukohuko.

Kwa nini? Ndipo nilipoukumbuka ule waya wa punje ya mchele.

Zile jozi nane ni mipangilio ya kuanzia. Mfumo endeshi huzisoma kana kwamba ni vitufe, kwa njia ileile unavyosoma herufi A au B. Jozi ikiwa wazi husomeka 1, ikiunganishwa husomeka 0. Tatu kati yake huchagua hali ya skrini, moja hugeuza tabia ya SHIFT na BREAK kwa wenye diski, mbili hupanga mwendo wa diski. Ili usiamini macho yangu, unaweza kuiuliza mashine:

A%=255:X%=0:Y%=255
PRINT (USR(&FFF4) AND &FF00) DIV 256

Zote zikiwa wazi hupata 255. Mimi nimepata 251. Pungufu ni 4, yaani biti moja tu (jozi moja kati ya zile nane) imeshushwa, na katika zile biti tatu za skrini 7 ukiitoa 4 inabaki 3. MODE 3. Waya mmoja, hesabu ya darasa la pili.

Nikapasha pasi ya kuchomea. Risasi imeshaanza kuyeyuka kwenye ncha, nimeinama juu ya kibodi, nikautazama ule waya kwa kioo cha kukuzia. Risasi yake inang'aa, kilima kidogo kisafi kila upande. Waya umekatwa ncha zote mbili kwa urefu sawa. Si kazi ya bahati mbaya, na si kazi ya kiwanda. Mtu aliinama kama mimi, akataka hivi.

Nimezima pasi. Mpaka nijue alitaka nini.

Jumapili, 30 Machi

Hakuna kazi. Mwezi ulikuwa unaandama jana na vijidudu vimetoka ziwani kwa hasira. Nimefunga madirisha, joto. Nimefungua, wamejaa kwenye taa hadi mezani. Mashine imefunikwa kanga mbili na kitufe cha BREAK nimekiziba kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Kesho ni Idi.

Jumamosi, 5 Aprili

Kanda. Redio kaseti nimeazima kwa mzee mmoja wa kwaya, naye amesema niirudishe kabla ya Pasaka, wana mazoezi.

Mpango: kurekodi kila kanda kwenye simu, kisha kuipigia kompyuta kutoka kwenye simu, ili kanda yenyewe isipite mara nyingi. Plagi ya DIN ya pini saba, ya kuunganisha kaseti na kompyuta, sikuipata Mwanza nzima. Nimeng'oa pini tatu kwenye soketi ya redio mbovu, nikazivika mpira mmoja mmoja na kuzichomeka kwenye matundu yanayohusika. Sura mbaya, kazi nzuri.

Data kwenye kanda ni sauti: hezi 2400 ni moja, hezi 1200 ni sifuri. Imekatwa vipande vya baiti 256, kila kimoja na hesabu yake ya uhakiki mwishoni, kwa hiyo kikiharibika kimoja mashine husema "Data?" kisha "Rewind tape", na wewe unarudi nyuma kidogo tu. Yangu ilisema "Data?" kila kipande. Nikaongeza sauti, nikapunguza, nikabadili waya. Hamna.

Tatizo lilikuwa kwenye simu. Ndani kabisa ya mipangilio yake, mahali ambapo hakuna mtu huenda, palikuwa pamewashwa kiboresha sauti: kinaongeza besi, kinalainisha makali. Kwa taarabu sawa. Kwa sifuri na moja ni sumu. Nimekizima, sauti robo tatu, simu kwenye hali ya ndege isije meseji ya bando ikaingia katikati. Nikaandika *OPT 1,2 ili ieleze kila kipande kwa kirefu, kisha *CAT, amri ya kuorodhesha yaliyomo kwenye kanda.

MATOKEO 00
MATOKEO 01
MATOKEO 02

Ikaenda hivyo hadi 06. Ya 07 ikagoma mara tatu. Hiyo ilikuwa kanda, si simu. Kwenye redio kaseti kuna skrubu ndogo kando ya kichwa, huonekana kupitia tundu mlango ukiwa umefungwa. Hupanga mlalo wa kichwa dhidi ya kanda, na kila redio iliyorekodi ilikuwa na mlalo wake. Nimeizungusha robo kwa robo huku nikisikiliza, mpaka ule ukelele ukawa mkali wa kuumiza meno. (Nimeweka alama ya wino ilipokuwa, niirudishe, mzee wa kwaya asinilaani.) Nikarekodi upya. 07, 08, 09, 0A, 0B. Vipande kumi na viwili, karibu dakika moja.

Nikaipakia kwa LOAD, kisha LIST, amri ya kuonyesha mistari ya programu. Mstari wa 10:

10 REM MATOKEO KIDATO CHA 3

Chini yake mistari ya DATA: HISABATI, KISWAHILI, SIASA, KILIMO. Siasa! Somo ambalo mpwa wangu hajawahi kulisikia. Nikamwambia lilikuwa na mtihani kama hisabati, hakuamini. Kisha namba za mtihani, hakuna majina. Na kila mahali TAB, ya kusogeza maandishi hadi nafasi fulani ya mstari: TAB(24), TAB(40), TAB(72)"WASTANI". Jedwali la masomo yote kwa mstari mmoja, ambalo halitoshi ndani ya herufi 40. Nimeipitia programu yote mara mbili nikitafuta neno MODE. Halimo. Hakuliandika popote, kwa sababu hakulihitaji. Mashine yake ilikuwa inaamka tayari kwa upana wa karatasi ya matokeo.

Nikaandika MODE 3, RUN. Kichwa cha jedwali kikatokea, neno moja na nusu, ikaganda.

Safari hii sikukimbilia mita. Nikabonyeza ESCAPE, ikanirudishia alama ya > bila kinyongo. Iliyokufa kweli haifanyi hivyo. Nikarudi kwenye LIST: mstari wa 30 una VDU 2. Hiyo ni amri ya kupeleka kila herufi kwenye printa pia. Printa hakuna. Mashine hujaza akiba yake ya herufi zipatazo 60, kisha inasimama kungoja karatasi ambayo haitakuja. Dawa ni amri moja, *FX5,0, inayoiambia kwamba vya printa vyote vitupwe. RUN.

Jedwali likashuka, safu baada ya safu, hadi WASTANI upande wa kulia kabisa, herufi ndogo nyembamba na ufa mweusi kati ya mistari. Ufa ule niliouita ubovu ndio unaokuwezesha kufuata namba ya mtahiniwa hadi mwisho wa mstari bila rula. Monita ya kijani, mwalimu mmoja, usiku. Naiona.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimepeleka chipu za ROM kwa jamaa wa Igoma anayetengeneza kompyuta za magari. Ana kisomeo, na nilitaka nakala kabla miguu haijavunjika. Ya mfumo endeshi ikasomeka kwa mara ya kwanza, kilobaiti 16 kamili.

Akawa anateremsha data kwenye skrini, misimbo tu, mara akasimama. "Hapa kuna maandishi ya watu."

Nafasi &FC00 mpaka &FEFF, baiti 768, ni eneo ambalo prosesa hulitumia kuzungumzia na vifaa vya nje. Wahandisi wa Acorn waliligawa kurasa tatu wakazipa majina: FRED, JIM na SHEILA. Kwa kuwa vifaa vimekaa juu yake, ROM iliyo chini haionekani kamwe kompyuta inapofanya kazi. Ukiandika programu ya kuisoma utapata vifaa, hutapata ROM. Wahandisi walipoona kuna baiti hizo zisizo na kazi wakajaza shukrani. Yumo Steve Furber, Hermann Hauser, Chris Curry. Ipo kampuni ya Ferranti. Wapo waliobuni 6502. Na ipo Wilberforce Road, ambayo ni barabara. Jamaa wa Igoma alicheka. "Mimi nikitengeneza kitu changu naiweka Barabara ya Makongoro, kwa mashimo yake."

Nikamwambia yule Furber na mwenzake mmoja kwenye orodha, Wilson, ndio waliokuja kubuni prosesa ya ARM, chipu ya kwanza ikafanya kazi mwaka 1985, na ukoo wake ndio uliomo kwenye simu niliyopigia kanda. Akaitazama simu, akaitazama chipu, akarudi kwenye gari la mteja.

ROM zimerudi mahali pake. Buuu-pi.

Waya nimeuacha. Ndani ya kifuniko nimebandika karatasi: "Huanza MODE 3, kwa makusudi. Ukitaka herufi kubwa andika MODE 7." Mama mdogo atakuja Pasaka na meli ya asubuhi. Nimempigia nikamweleza jedwali limepatikana, akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama ile H imeshapona. Sikumwelewa. Akasema, "Kitufe cha H. Alikuwa anakipiga mara mbili, usiku kucha, ta-ta, ta-ta, hatulali."

Nimeenda kujaribu. Bado kinataka mara mbili. Spiriti imeisha, Jumatatu nitapitia duka la dawa.